Kofia ya Kukanusha

Tarehe 3 Februari

Shangazi, shikamoo.

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Barua hii ni yako peke yako. Usimsomee mtu, usiiache juu ya meza, usiitaje hata kwa mzaha. Ukiulizwa na mtu unayemwamini kama roho yako, sema nimekuandikia habari za afya. Neno moja likivuja, mimi sina kazi.

Sasa nipumue. Nimekubali kukufundisha. Nimezisoma kanuni za ofisi yetu ya mitihani mpaka nimezikariri: karani anayeshika karatasi za mtihani haruhusiwi kumfundisha mtahiniwa. Mimi nipo masjala. Nashika mafaili ya watu waliofanya mtihani zamani, wengine wamekwisha kustaafu. Karatasi za mwaka huu sizioni, sizisikii, wala sinusi wino wake. Kwa hiyo sivunji kanuni. Lakini mkubwa wetu, mama tunayemwita Rula kwa jinsi anavyokaa na anavyosema, hapendi kitu kinachofanana na kosa, na mimi naogopa kufanana.

Najua unachotafuta. Msimamizi wa chumba chenu cha kufulia hapo hospitali anastaafu, na nafasi yake haipewi mtu asiye na cheti cha Kiingereza cha kazini. Mwaka jana ulianguka, na kilichokuangusha ni maneno ya kukanusha. Basi tuanzie hapo.

Sisi tukikataa, tunakigeuza kitenzi mwanzoni: anafua, hafui. Waingereza wana namna yao katika sentensi, lakini pia hulivisha neno lenyewe kofia. "Washed" ni iliyofuliwa. "Unwashed" ni isiyofuliwa. "Safe" ni salama. "Unsafe" si salama. Kofia ya "un" ndiyo inayovaliwa na wengi. Tafuta maneno ya hapo kazini, uyavishe, uniandikie.

Mwanao,
Karani


Tarehe 12 Februari

Mwanangu, marahaba.

Mlango nimeufunga mpaka paka kalalamika. Roho yako itulie.

Maneno yangu haya hapa: unwashed, unsorted, unfolded, unbuttoned. Nimeyaandika kwa chaki kwenye mikokoteni. Sijui kama nimewahi kukueleza tulivyokaa. Chumba chetu kina ukuta katikati. Huku ni upande wa chafu, kule ni upande wa safi, na mashine zimepasua ukuta: shuka linaingizwa huku, linatolewa kule. Mimi nipo huku, kwa hiyo kwangu kila kitu kimevaa kofia. Kikivuka ukuta ndipo kinavuliwa. Umenifurahisha.

Ila nina maswali, na usinijibu kwa haraka kama karani anayefunga ofisi. Moja, nikishiba kwa nini siwezi kusema "unhungry"? Pili, "uncle" nayo imevaa kofia? Tukimvua mjomba wako anabaki nani? Tatu, hapa hospitali "patient" ni mgonjwa. Nimeona mahali wameandika "impatient". Huyo ndiye aliyepona? Hapa tumecheka mpaka tumekaa chini. Yaani nimecheka.

Lete zaidi. Mwaka huu siwaachii hicho cheti.

Shangazi yako


Tarehe 21 Februari

Shangazi, shikamoo.

Umeandika "tumecheka". Nani na nani? Nijibu hilo kwanza, sikulala vizuri.

Mjomba hajavaa kofia, ndivyo alivyozaliwa. "Unhungry" hakuna kwa sababu hakuna. Lugha ya watu ni kama nyumba ya watu, viti vyao wamevipanga wenyewe. "Impatient" ni mtu asiye na subira, maana "patient" ni mgonjwa na pia ni mwenye subira. Ukiwafahamu madaktari wenu utaona kwa nini mgonjwa anahitaji jina hilo.

Sasa tazama kofia ya "in": complete, incomplete, correct, incorrect. Ikifika mbele ya p au m, hugeuka "im": possible, inawezekana, impossible, haiwezekani. Mbele ya r hugeuka "ir": regular, irregular. Halafu kuna "dis": agree, kukubaliana, disagree, kutokubaliana. Hizi hazina kanuni moja ya kuamua nani avae ipi. Zinakaririwa, kama majina ya wakwe.

Mwanao,
Karani


Tarehe 2 Machi

Mwanangu, marahaba.

Mimi na paka. Nani mwingine? Lala.

Kofia ya "im" nimeielewa bila kukariri. Ukitaka kusema p, midomo inakuja kufunga. Ukitanguliza n, utaifungua kisha uifunge tena. Kazi ya nini? Shuka likiwa limekunjwa nusu, hulikunjui ili uanze upya. Hao Waingereza kumbe nao ni wavivu kama sisi.

Na "dis" imenipiga kibao. Pale kwenye kona yangu lipo pipa la dawa limeandikwa "disinfectant". Miaka yote naliinamia pipa hilo. Kumbe "infect" ni kuambukiza, na limevaa kofia, na mimi sikujua namsalimia nani.

Msimamizi wetu ametutangazia: asipopatikana mwenye cheti miongoni mwetu, watamleta mtu wa nje, aliyezoea kufua nguo za hoteli. Mtu wa hoteli atuambie sisi jinsi ya kushika shuka lenye damu! Lete kofia nyingine, lete zote. Sibaki nyuma tena.

Shangazi yako


Tarehe 15 Machi

Shangazi, shikamoo.

Masomo yamesimama. Usiniulize sababu, sitaweza kuijibu. Barua zangu za nyuma, ikiwezekana, usizisome tena. Nisamehe.

Mwanao,
Karani


Tarehe 22 Machi

Mwanangu,

Marahaba, ingawa sijui naitikia nini.

Nimeisoma barua yako mbele na nyuma kama mtu anayetafuta tundu kwenye soksi. Umechoka na makosa yangu? Sema. Neno lake umenifundisha mwenyewe: "impatient". Au kuna msichana, na muda wa jioni umepata mwenyewe? Sema pia, nitafurahi, nitamkagua baadaye. Au umenionea haya, mwanamke mzima wa kufua shuka anayemsumbua karani kwa maswali ya mjomba?

Mimi nilikufundisha kufunga kamba za viatu. Ulizifunga mguu wa kulia kwa wa kushoto, ukaanguka mlangoni, ukalaumu mlango. Sikukuandikia kwamba masomo yamesimama.

Shangazi yako


Tarehe 29 Machi

Mwanangu,

Ile barua ya juzi ichome. Nimeelewa. Usiniambie kama nimeelewa sawa au vibaya, usiandike hata "ndiyo".

Kwetu kuna desturi. Mtu wa upande wa chafu akihitajika upande wa safi, husimama mlangoni na kusema kwa sauti kabla hajakanyaga ndani: "Natoka chafu." Basi. Hakuna anayemgombeza wala kumuuliza aligusa nini. Hupewa maji, sabuni na koti jingine, akaingia. Lakini ukinyamaza ukaingia, hata kama hukugusa kitu, kila rundo ulilopita karibu nalo linarudi mashine. Kazi ya watu ya siku nzima.

Jana binti mgeni alisimama mlangoni kimya. Hasogei, hasemi, macho chini. Nikajua: huyu ametoka chafu na anaogopa kusema. Nikakukumbuka hapo hapo. Nikajisemea, mwanangu hakunichoka. Mwanangu wamemsimamisha mlangoni.

Sikuulizi mlango gani. Nikiuliza nitakuwa nimekusukuma ndani. Ila nenda kwa huyo Rula wako ukamwambie unatoka wapi. Barua zako nimezifunga kwa kamba, nimeziweka chini ya godoro, na mimi ni mzito.

Mtihani nikiukosa nitakasirika. Wewe ukikosa kazi kwa ajili yangu, sitapona. Nenda.

Shangazi yako


Tarehe 6 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Nimekwenda. Sasa naweza kukueleza, maana Rula ameniruhusu kueleza kiasi hiki.

Mpiga chapa wetu alivunjika mkono mwanzoni mwa Machi. Rula aliniita kutoka masjala, akanipa ufunguo wa chumba cha kupigia chapa karatasi za mwaka huu. Akasema, "Nimekuchagua kwa sababu unaogopa." Nilipaswa kumwambia papo hapo kwamba nina shangazi. Nilisema, "Ndiyo, Mama." Nikaingia. Kilichokuwa ndani sikuambii, wala sitakuambia hata ukiwa bibi kizee. Ndiyo maana nilinyamaza. Kila sababu niliyotaka kukuandikia ingekuwa yenyewe ni kuvujisha.

Nilipopata barua yako nilisimama mlangoni kwake, na kwa woga nikasema maneno yako kama yalivyo: "Mama, natoka chafu."

"Umetoka wapi?"

Nikamweleza. Akavua miwani.

"Kaa."

"Afadhali nisimame, Mama."

"Kaa. Ukianguka mimi sina mgongo wa kukuinua."

Nikakaa. Akauliza, "Siku nilipokupa ufunguo, kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe, Mama."

Alifikiri. "Hilo angalau ni la kweli. Barua hizo amezisoma nani zaidi ya shangazi yako?"

"Hakuna. Naapa. Shangazi yangu ni kisima kisicho na kamba. Kinachoingia hakitoki."

Ameamua hivi: utafanya mtihani wako peke yako, chumba cha pembeni, kwa karatasi tofauti, na utasahihishwa na mtu wa nje. Mimi ninabaki na ufunguo, kwa sababu kazi ni nyingi na wewe ndiye mtahiniwa pekee aliyehusika. Nimetoka pale nikiwa mwepesi kama shati lililokauka. Asante.

Mwanao,
Karani


Tarehe 13 Aprili

Mwanangu, marahaba, na tafuta kiti.

Paka hayupo. Hajawahi kuwapo. Umesahau kwamba nikiwa chumba kimoja na paka napiga chafya mpaka mishumaa inazimika?

Ni Bi Chachu na Mrefu, wenzangu wa upande wa chafu. Nao wamejiandikisha mtihani huu huu. Barua zako zote nilizisoma kwa sauti wakati wa chai, na chaki kwenye mikokoteni ilikuwa ni darasa. Uliponiomba siri, nilidhani siri ni kutowaambia watu wabaya. Hawa si wabaya. Tumechana shuka kuukuu pamoja tangu hujavaa suruali ndefu.

Halafu nimesoma barua yako ya juzi. Umeniapia. Umesema mimi ni kisima. Nimekaa na neno hilo siku nzima kama jiwe kwenye kiatu.

Ningeweza kunyamaza. Mimi nimekwisha kutengewa chumba na karatasi. Bi Chachu na Mrefu wangeingia na watu wengine, na hakuna ambaye angejua. Lakini ninataka kuwa msimamizi wa mlango ule, mwanangu. Nitamwambia nini binti mgeni?

Nimewaeleza wenyewe. Mrefu amenuna, anasema nimemtia kwenye mambo ya watu waliosoma. Bi Chachu amesema aibu ni kama uji, heri uinywe ikiwa ya moto ukaimaliza. Majina yao kama walivyojiandikisha yako kwenye karatasi ya pili. Wamekubali.

Rudi kwa Rula. Najua ninachokuomba.

Shangazi yako, kisima kilichotoboka


Tarehe 24 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Nilikasirika. Nilikuandikia barua mbili na nikazichana zote, kwa hiyo usidhani posta imezipoteza. Uliniacha nimwapie mtu kwa jina lako. Siku tatu nilipita mbele ya mlango wa Rula kama mtu anayetafuta choo. Nilijiambia, yamekwisha, ameshaamua, mimi nina ufunguo na mshahara. Nilijiambia pia kwamba Bi Chachu na Mrefu siwajui. Lakini kila nilipouingiza ule ufunguo kwenye kitasa, niliwaona wakiwa wamekaa na chai yao wakinisikiliza. Nilikuwa nimewafundisha vizuri, hilo ndilo tatizo.

Nikaenda. Safari hii sikutetemeka, sijui kwa nini. Labda woga nao una mwisho wa mwezi wake.

Nikamwekea majina mezani. Akasoma. Akasema, "Kisima chako kina ndoo tatu."

"Ndiyo, Mama. Nilikuapia uongo. Sikujua ni uongo, lakini sikumuuliza shangazi kabla ya kuapa."

"Unajua maana yake?"

"Najua. Karatasi niliyoipiga chapa haifai tena, maana hakuna ajuaye masomo yangu yamefika kwa nani."

"Kazi ya wiki ngapi hiyo?"

"Nyingi, Mama. Za watu wengi."

Alisimama. Sikuwahi kujua kama ni mfupi hivyo. Akaninyooshea mkono, nikadhani ananiaga, kumbe anataka ufunguo. "Itatumika karatasi ya akiba. Kwa wote, kila kituo. Shangazi yako na wenzake wataketi na wengine kama watu. Hii ya kwanza itasagwa."

Nikauliza, "Na mimi?"

"Mara ya kwanza ulikuja kujiokoa. Leo umekuja kujiharibia. Yule wa kwanza ningemfukuza mwisho wa mwezi, nilikuwa nasubiri tu kazi iishe." Akakaa. "Kuanzia kesho uko dirishani, mapokezi. Pale watu wanauliza na wewe unajibu. Ukinyamaza ndipo nitakufukuza."

Karatasi ya akiba ilipigwa chapa na mtu mwingine, mwaka jana. Sijaiona, sijui ina nini. Kwa hiyo fungua kamba, toa barua zangu chini ya godoro, wasomee hata walinzi. Mimi sitakuandikia tena mpaka mtihani upite. Hilo ni agizo la Rula, na safari hii nakubaliana naye.

Bado nimekasirika kidogo. Fanya mtihani mzuri.

Mwanao,
Karani


Tarehe 20 Mei

Mwanangu, marahaba kabla hujanisalimia!

Hakuna hata moja. Unasikia? Hata kofia moja hawakuuliza! Niliipindua karatasi, nikaiangalia kwa mgongo, nikaiinua kwenye mwanga. Miezi yote ile navisha maneno kofia, halafu wananiuliza bei ya tiketi na ramani ya kwenda kwenye maktaba. Mrefu alitoka amenuna: "Tumevaa kofia siku isiyo na jua."

Lakini swali la mwisho lilisema: andika taarifa kwa mkubwa wako juu ya jambo lililotokea kazini. Nikaiweka kalamu chini. Nikasema moyoni, hamkuniuliza? Sawa. Mtaambiwa hivyo hivyo.

Nikawaandikia siku ile mfuko wa wodi ya upasuaji ulipoletwa bila kibandiko na dereva akataka kuushusha upande wa safi. Nimekariri nilichoandika: "The bag was unlabelled and the sheets were unwashed. The driver was impatient. He said it was possible. I disagreed. I said it is impossible, it is unsafe, and the door is not for unwashed things." Nikaendelea mpaka ukurasa ukaisha. Msimamizi wa mtihani alikuwa anapita nyuma yangu, akasimama, akaendelea, akarudi tena kusimama. Sikumwangalia. Nilikuwa na kazi.

Kwenye kusikiliza kanda niliteleza kidogo, yule mzungumzaji anasema kama amebana pegi mdomoni. Lakini nakuambia kitu, na sijisifu: mwaka jana nilitoka mle najikuna kichwa. Mwaka huu nimetoka nina njaa. Mtu aliyejaza karatasi ndiye hutoka na njaa.

Hasira yako imefika wapi?

Shangazi yako


Tarehe 17 Juni

Shangazi, shikamoo.

Hasira ilikwisha niliposoma habari za dereva. Nilicheka hapa dirishani mpaka mama mmoja kwenye foleni akaniuliza kama ofisi imefungwa.

Matokeo yamebandikwa ubaoni leo asubuhi, kila mtu anayaona, kwa hiyo nakuandikia kama mpita njia. Umefaulu. Bi Chachu amefaulu na amekupita kidogo, jiandae. Mrefu amefaulu yote isipokuwa kusikiliza. Atarudia sehemu hiyo tu mwezi wa tisa. Mwambie asinune. Nimemwomba Rula nimfundishe mwenyewe, na amenipa ruhusa kwa maandishi, imepigwa muhuri. Alisema kitu kimoja tu: "Safari hii uliza kwanza wako wangapi kwenye chai."

Cheti hakitumwi kwa posta. Mwenyewe huja kukichukua, akaweka sahihi mbele ya karani wa mapokezi, ambaye ni mimi. Shuka kituo kilicho mbele ya posta kuu, si kile cha nyuma, utazunguka bure. Jengo letu lina ngazi mbili. Panda za kushoto, za kulia zinaishia stoo. Mlinzi atakuuliza unakwenda kwa nani. Mwambie unakwenda kwa mwanao, dirisha la pili. Foleni utaipanga kama wengine, siwezi kukupitisha mbele hata ukinikonyeza. Zamu yako ikifika nitakuita shangazi kwa sauti, na wewe uniitikie kwa sauti. Saa sita nafunga kwa ajili ya chakula. Ukinikuta nimefunga, kaa benchi la karibu na dirisha, usiondoke. Ninarudi hapo hapo.

Mwanao,
Karani wa mapokezi, dirisha la pili